MAJI YETU YALIPOFIKA KWA WENGINE

Ukiambiwa kwamba mtu wa Ikonge anataka kukueleza habari za mafuriko, bila shaka utacheka. Mimi pia ningecheka. Sisi twaishi juu. Nyumba zetu zimeshikilia miteremko kama kuku waliolala mtini, na mpira ukitoroka uwanjani twaukimbiza mpaka mtoni. Sasa maji gani yatasimama mahali ambapo hata mpira hausimami? Kwa hivyo Aprili ya 2024, redio zilipokuwa zikitaja mafuriko asubuhi, mchana na jioni, sisi tulisikiliza kama watu wanaosikiliza vita vya ng'ambo.

Nilikuwa kidato cha kwanza wakati huo. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili. Sanduku langu lilikuwa limefungwa, sukari imo, sabuni imo, na nauli nimekwisha kupewa. Alfajiri hiyo tukasikia kwamba Waziri wa Elimu, Bw. Ezekiel Machogu, ambaye ni mtu wa huku huku kwetu Gusii, ameahirisha ufunguzi kwa wiki moja. Naandika ukweli mtupu: nilifurahi. Nilifungua sanduku nikaanza kula sukari kwa kijiko. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto akahutubia taifa na kusema shule hazitafunguliwa hadi itakapotangazwa tena, nami nikafurahi mara ya pili. Hatimaye tulifungua Jumatatu tarehe 13 Mei, sukari ikiwa imebaki robo.

Mwenzangu wa kitanda cha juu hakuja siku hiyo. Alikuja baada ya majuma mawili hivi. Yeye ni mtu wa Nyakach, kaunti ya Kisumu, na sisi humwita Janyakach, jina ambalo mwenyewe hulipenda. Hakuwa na sanduku. Alikuwa na mfuko wa karatasi na viatu vya kakake vilivyomzidi miguu. Godoro lake lilikuwa limeozea majini, basi tukawa twalala wawili kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule, mpaka mwisho wa Juni.

Siku moja katika chama chetu cha Kiswahili kulikuwa na zoezi la kuzungumza bila kujitayarisha. Zamu ya Janyakach ilipofika akasimama, akatuangalia sisi wa Nyamira tuliokuwa tumeketi pamoja nyuma, akasema, "Waheshimiwa, mimi nimekuja kudai. Udongo wenu uko sebuleni kwa mama yangu. Umefika magotini. Kwetu udongo ni mweusi, lakini huo ulioko sebuleni ni mwekundu. Naomba mje mchukue mali yenu." Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu mlezi naye akacheka. Mimi nilicheka nusu tu, kwa maana nilikumbuka shamba la nyanya yangu, yule ambaye sisi kwetu twamwita magokoro, na nikakumbuka lilivyokuwa Desemba na lilivyokuwa Aprili. Kulikuwa na udongo uliokosekana. Nilikuwa sijajiuliza ulikwenda wapi.

Ndipo nikaanza kuuliza uliza. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyapata kwa mwalimu wa Jiografia, katika maktaba, kwa wazee, na kwa Janyakach mwenyewe usiku tulipokosa usingizi.

Tuanze na ramani. Maji ya Gusii hayana njia nyingine ila kuelekea Ziwa Victoria. Mto Gucha, ambao huko chini wenyeji huuita Kuja, unaanzia milima ya Kiabonyoru hapa Nyamira, unapita Kisii, unaingia Migori na kumwaga maji yake ziwani kupitia Nyatike. Watu wa Nyatike wanaujua vizuri kuliko sisi, maana kila mvua ya masika ikizidi wao ndio huhama. Upande wetu wa kaskazini, vijito vingi hushuka kuelekea mto Sondu, ambao hukusanya pia maji ya nyanda za Kericho na Bomet, kisha huteremka kwa nguvu hadi Nyakach. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, megawati 60. Lakini usidhani kwamba pale pana bwawa kubwa la kuzuia mafuriko. La. Mtambo ule hutumia maji yanayopita tu, mto ukijaa, umejaa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wale wanaochukia Hisabati wavumilie. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ni kama mita mraba 4,047. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu masika si ajabu kunyesha kwa alasiri moja, inamwaga lita zaidi ya 200,000 katika ekari moja tu. Hayo ni matangi 20 ya lita elfu kumi kumi. Nyumba ya kawaida ya mabati, yenye paa la mita 6 kwa 8, inapokea lita 2,400. Zamani paa lilikuwa la nyasi, na nyumba zilikuwa chache. Leo ukisimama kilimani jioni jua likitua, Nyamira yote inametameta mabati. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti hii ndogo, na wenzetu wa Kisii walikuwa 1,266,860. Kila mtu ana paa, kila paa lina mfereji wa kumwaga maji njiani, na njia yetu huteremka.

Maji hayo yana mambo mawili ya kufanya: kuzama ardhini au kukimbia. Penye msitu, nyasi, au chai iliyoshikana vizuri, mengi huzama pole pole, kisha hutokea chini kama chemchemi miezi baadaye. Penye shamba lililolimwa kufuata mteremko, ambalo mahindi yake ni machanga na udongo u wazi, tone la mvua hupiga udongo kama nyundo, huuvunja, vumbi lake huziba vitundu vya ardhi, na maji yanayofuata hayana pa kuingia. Hukimbia. Yakikimbia hubeba udongo. Na msimu wenyewe ni mbaya: sisi hupanda Februari na Machi, mvua kubwa huja Machi, Aprili na Mei. Yaani tunaivua ardhi nguo na papo hapo mvua inabisha hodi.

Kuna jambo moja alilonieleza Janyakach ambalo sikulielewa mpaka nilipotazama saa. Alisema usiku ule maji yalipoingia kwao, mbingu ilikuwa na nyota. Hakukuwa na mvua hata tone! Mama yake aliamshwa na sauti ya sufuria zikielea na kugongana jikoni. Alidhani ni mwizi. Akaita, "Nani huyo?" na alipoteremsha miguu kitandani akakanyaga maji. Basi hesabu mwenyewe. Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni. Maji yanashuka mlimani saa chache, yanafika tambarare usiku watu wamelala. Wao hawaoni wingu lolote. Dalili ya mafuriko yao iko juu ya vichwa vyetu sisi, saa kumi jioni, tunapokimbia kuingia madarasani. Tangu hapo mvua ikinyesha sana shuleni, Janyakach huacha kuongea. Nilikuwa nadhani anasinzia.

Halafu chini kule kuna tatizo la pili: ziwa lenyewe. Mto huingia ziwani vizuri ziwa likiwa chini. Ziwa likiwa juu, mto husukumwa nyuma, maji yanatanda mashambani. Mvua za 1961, ambazo wazee wengine huziita mvua ya Uhuru, zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache, na kimo cha mwaka wa 1964 kilikaa kama rekodi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka wa 2020 rekodi hiyo ikavunjwa. Mwaka wa 2024 ziwa likapanda juu tena. Kwa hivyo mtu wa Nyakach au wa Nyatike anabanwa mbele na nyuma: mlima unamsukumia maji, na ziwa linamrudishia.

Lakini kwa nini miaka mingine na si yote? Hapa ndipo jina la El Nino huingia. Magokoro akilitaja husema "Elinino" kana kwamba ni mtu anayemfahamu, tena mtu wa tabia mbaya. Jina hilo walilitoa wavuvi wa Peru, ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki. Kwa Kihispania maana yake ni mtoto wa kiume, nao walimkusudia mtoto Yesu, kwa sababu maji ya bahari yao huanza kupata joto karibu na Krismasi. Joto hilo la Pasifiki hubadili mwendo wa pepo za dunia nzima. Nasi tuna bahari yetu: Bahari ya Hindi ikipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Indonesia, mvuke mwingi husukumwa kwetu. Mambo haya mawili yakikutana huwa ni balaa. Yalikutana mwishoni mwa 1997, yakakutana tena mwishoni mwa 2023. Mwaka wa 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini Bahari ya Hindi peke yake ilitosha: Novemba ya mwaka huo milima iliporomoka Pokot Magharibi na kuua watu zaidi ya 40. Ongeza kwamba dunia yenyewe imepata joto, na hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Mvuke huo lazima ushuke mahali.

Magokoro anaikumbuka 1997 kwa njia yake. Hakumbuki mafuriko, anakumbuka mambo matatu: mahindi yaliyoota yakiwa bado shinani, barabara ambayo lori la majani chai lilikwama mpaka majani yakamwagwa, na homa. "Tulikuwa tukijua malaria ni ya watu wa ziwani," anasema. "Mwaka huo ikapanda mlima." Ni kweli. Baada ya mvua zile, malaria ilienea nyanda za juu za magharibi, Gusii ikiwamo, na iliua watu wengi kwa kuwa miili ya watu wa baridi haikuwa na mazoea nayo. Basi hata wale wanaodai kuwa mafuriko hayapandi mlima, mbu hupanda.

Nije sasa kwa serikali, maana najua walimu wetu wamekuwa wakisubiri nione nitasema nini.

Idara ya utabiri wa hali ya hewa ilitoa onyo la mvua za El Nino tangu Agosti 2023. Kamati ziliundwa, mikutano ikafanywa. Oktoba Rais akatangaza kwamba utabiri mpya unaonyesha hakutakuwa na El Nino ya kutisha kama ilivyohofiwa. Watu wakapumua. Mwezi uliofuata maji yalijaa kaskazini mashariki na pwani, madaraja yakakatika. Mimi si mtaalamu, na kutabiri mvua si kama kutabiri saa ya chakula cha mchana; lakini nafikiri mtu akiambiwa mara moja kuwa hatari ipo na mara ya pili kuwa haipo, mara ya tatu hufunga redio. Hilo ni jambo zito kuliko mvua.

Masika ya 2024 yalipokuja, ardhi ilikuwa bado imelowa kwa mvua za mwisho wa mwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, siku ile ile niliyokuwa nikila sukari, maji yaliteremka Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 50. Wengi wetu tulisikia kwamba bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza kwamba halikuwa bwawa. Kulikuwa na tuta la reli, na chini yake shimo la kupitisha maji ya mto. Shimo lile likazibwa na udongo, mawe na miti iliyobebwa na mvua. Maji yakakusanyika nyuma ya tuta mpaka yakalishinda nguvu. Neno hilo nililiwekea mstari daftarini, na utaona kwa nini.

Baada ya Mai Mahiu serikali iliamka. Baraza la Mawaziri lilikutana tarehe 30 Aprili. Wanajeshi na vijana wa huduma ya taifa wakatumwa kusaidia, pamoja na Msalaba Mwekundu ambao ulikuwa uwanjani tangu mwanzo. Waziri wa Usalama wa Ndani, Bw. Kithure Kindiki, akaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame katika saa 24. Jijini Nairobi waliojenga kando ya mito waliamriwa waondoke, na nyumba katika mitaa kama Mathare zikabomolewa kwa tingatinga mvua ikiendelea. Rais alipozuru Mathare aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoathiriwa. Tarehe 10 Mei ikawa siku ya kuwaomboleza waliofariki, na wananchi wakaombwa wapande miti. Kufikia katikati ya Mei hesabu ya serikali ilikuwa watu zaidi ya 280 waliokufa nchini Kenya. Jirani zetu wa Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 wamefariki kwa mvua hizo hizo.

Ukizitazama hatua hizo, kuna nzuri. Kuahirisha shule, ingawa mimi nilifurahia kwa sababu mbaya, kuliokoa watu. Shule nyingi zilikuwa na maji, na nyingine zilikuwa zimegeuka kambi. Mama yake Janyakach mwenyewe alikuwa akilala darasani, madawati yamepangwa kuwa kitanda. Kuwahamisha watu pia kulikuwa kwema. Lakini kumwambia mtu aondoke katika saa 24 bila kumwambia aende wapi ni sawa na kumwambia mgonjwa apone. Na kubomoa nyumba ya maskini kando ya mto, huku hoteli iliyo kando ya mto huo huo ikiachwa, kuliwafanya wengi waulize kama sheria nayo inajua kuogelea.

Sheria yenyewe ipo, tena si ya jana. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima wala kujenga karibu na mto, mita 6 kwa uchache na hadi 30 kulingana na ukubwa wa mto, ukipima kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maafa katika orodha mbili: ya serikali ya kitaifa na ya kaunti. Nia ilikuwa wasaidiane. Kwa maoni yangu imekuwa kama mtungi uliobebwa na watu wawili, ukivunjika kila mmoja husema mwenzake ndiye aliyeachilia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inaziruhusu kaunti ziwe na hazina ya dharura. Fedha hizo hutumika jambo likishatokea. Lakini kalvati ya kijijini haitokei katika televisheni, kwa hivyo haihesabiwi kuwa dharura.

Na hapa nirudi kwetu. Kuna kijito kati ya boma letu na barabara ya sokoni. Kilikuwa na kivuko cha kalvati moja, nyembamba, ambayo mtu mzima akiinama hawezi kupita. Walioijenga hawakuuliza mtu yeyote maji hufika wapi. Magokoro angewaonyesha kwa fimbo. Katikati ya Aprili 2024 kalvati ikazibwa na matawi na migomba iliyong'olewa, maji yakarudi nyuma yakawa kama ziwa dogo, tukatoka kulitazama kwa furaha kwa sababu hatujawahi kuwa na ziwa. Kwenye saa mbili usiku tukasikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Asubuhi hapakuwa na kalvati, hapakuwa na njia, na robo ya shamba la viazi la jirani ilikuwa imekwenda. Hakuna aliyekufa. Lakini watoto wawili wa darasa la tatu walikuwa wamevuka hapo saa kumi na moja jioni.

Ni Mai Mahiu ile ile, imepunguzwa tu. Nilipolisoma lile jambo la tuta la reli niliona kijito chetu.

Wazee waliandika barua kwa ofisi inayohusika. Jibu lilikuwa kwamba faili inaendelea. Wakaandika tena. Afisa mmoja akaja, akapima kwa kamba, akapiga picha, akanywa chai kwetu, akaenda. Faili nadhani bado inaendelea, maana kivuko kilichopo leo ni magogo manne ya blugamu yaliyolazwa na vijana wa kijiji. Na magogo hayo yalitoka kwa baba mdogo, jambo ambalo linanifikisha mahali pagumu kuliko pote katika makala haya.

Baba mdogo ana blugamu kando ya kijito. Mikaratusi, kwa lugha ya vitabu. Alipanda pale palipokuwa na kinamasi, mahali ambapo magokoro alipokuwa bibi arusi alichota maji na kukata matete. Kinamasi ni sifongo: hunyonya mvua nyingi kisha huiachilia kidogo kidogo. Baba mdogo alichimba mitaro akakikausha, akapanda miti. Jirani upande wa pili anafyatua matofali kutoka kinamasi hicho hicho. Ukitembea mabonde ya Gusii utaona hivyo kila mahali, blugamu na tanuri za matofali. Blugamu hunywa maji mengi wakati wa kiangazi, na chini yake nyasi hazioti vizuri, kwa hivyo mvua ikija hupita pale kama uwanjani. Wakati wa kiangazi chemchemi ya magokoro sasa hutoa maji nusu ndoo kwa muda wa kusimulia hadithi ndefu.

Niliporudi nyumbani Agosti 2024 nikiwa nimejaa elimu, nikamweleza baba mdogo yote haya. Nikamtajia mita 6 na mita 30. Nikamtajia sebule ya mama yake Janyakach. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Karo yako ya muhula wa kwanza ilitoka wapi?"

Nikanyamaza. Nguzo za blugamu zilizouzwa Januari ndizo zilizonipeleka kidato cha kwanza. Sikuwa nimelifikiria. Magokoro, aliyekuwa akichambua mboga kando, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Na maji ya kupikia chai unayokunywa yatatoka wapi?" Sijui alimwambia nani kati yetu.

Nataka msomaji alielewe hili, hasa wale wa mjini wanaodhani watu wa mashambani hukata na kupanda ovyo kwa ujinga. Shamba la babu liligawanywa kwa wana watano. Kila mmoja ana kipande kama mshipi, kutoka barabarani juu hadi kijitoni chini. Juu kuna nyumba, katikati chai na mahindi, chini ni hicho kinamasi. Ukimwambia mtu asiguse mita 30 za mwisho, umemwambia aache sehemu kubwa ya urithi wake, na hakuna anayemlipa. Ndiyo maana hotuba za siku ya kupanda miti hazifiki chini ya mteremko. Tena zilisema tupande miti, hazikusema miti gani. Tarehe 10 Mei kuna waliopanda blugamu kando ya mto, wakapiga makofi!

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri faili. Kulima kukingama mteremko badala ya kuufuata. Kupanda nyasi za nepia kwenye kingo za shamba, ng'ombe apate kula na udongo upate kushikwa. Kuchimba shimo chini ya mfereji wa paa ili zile lita 2,400 zitulie nyumbani. Kando ya maji kupanda mianzi au miti ya kienyeji. Na jambo la kuangalia, ambalo laweza kuokoa maisha: miteremko yetu inaweza kuporomoka. Udongo ukijaa maji huwa mzito, na wakati huo huo unateleza. Ukiona ufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti iliyoanza kuinama, mlango ambao ghafla haufungi, au chemchemi iliyokuwa safi ikitoa tope, usilale hapo. Desemba 2023 mlima Hanang kule Tanzania ulimwaga tope juu ya mji wa Katesh, na Novemba 2025 huko Chesongoch, Elgeyo Marakwet, watu zaidi ya 20 walifukiwa usiku wakiwa wamelala. Hao nao ni watu wa mlimani kama sisi, hawakudhani mafuriko yanawahusu.

Baba mdogo hakusema neno zaidi Agosti ile. Lakini nilipofunga shule mwisho wa mwaka nikakuta amekata safu mbili za blugamu zilizo karibu kabisa na kijito. Mashina ameyachoma ili yasichipuke. Pale palipokuwa na safu hizo magokoro amekwisha kupanda matete, na mianzi michache ambayo mbuzi wa jirani wameitafuna nusu. Safu ya tatu bado imesimama. Nilipomwuliza kuhusu hiyo alisema ataikata nikimaliza kidato cha nne, na akanitazama kwa namna ambayo nilijua tusijadili zaidi.

Nilimsimulia Janyakach tuliporudi shuleni Januari. Sasa ana godoro lake. Aliuliza safu hizo mbili ni mita ngapi. Nikamwambia nilipima kwa hatua, kama mita saba. Akafikiri kidogo, akasema atamwambia mama yake kwamba deni limeanza kulipwa, ila udongo bado uko sebuleni, waliuchota wakaupiga lipu ukutani.